Kupima endometriosisi bila kupasuliwa: vipimo vya mate na damu vimefikia wapi, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tufanye nini leo?

MwanaMaabara_Uyole (mwenye uzi)

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, mugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nafanya kazi maabara hapa Mbeya mjini. Kuna mgonjwa wa aina moja ambaye kila mtu wa maabara anamjua. Binti au mama anakuja na fomu ya vipimo: mkojo, majimaji ya ukeni, damu. Majibu yanatoka safi. Anarudi kwa daktari, anaandikiwa dozi ya PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi. Baada ya muda yuko tena dirishani, kajishika kiuno, safari hii ameambiwa ni "UTI sugu". Ukimuuliza kidogo tu, anakwambia maumivu yanaanza siku moja au mbili kabla ya hedhi, yanamlaza, kisha yanaondoka hedhi ikiisha. Sasa nauliza, bakteria gani huyo anayefuata kalenda?

Wengine wakitoka hospitali wanaambiwa nyumbani kwamba ni chango, ataolewa, atazaa, litaisha. Anaolewa, mtoto hapatikani, na lawama zinageuka upande mwingine.

Sisemi kila maumivu ya hedhi ni endometriosisi. Ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu kama milioni 190 duniani. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inaota mahali isipostahili: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Homoni za kila mwezi zinaichokoza, panavimba, panavuja damu isiyo na pa kutokea, panabaki makovu yanayogandisha viungo. Kutoka dalili ya kwanza hadi mtu kupewa jina la ugonjwa wake, shirika hilohilo linasema inaweza kuchukua miaka 4 hadi 12.

Kisa kimojawapo cha ucheleweshaji huo ni kipimo chenyewe. Kwa miongo mingi jibu la uhakika lilipatikana kwa upasuaji wa matundu madogo: unapigwa nusu kaputi, wanatoboa kitovuni, wanaingiza kamera, wanakata kinyama kinakwenda patholojia. Nani atampeleka mtoto wa Chunya mezani kwa sababu anaumwa tumbo kila mwezi? Hata daktari mwenyewe anasita, na ana haki ya kusita.

Mwaka 2022 chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, kilibadili mwongozo wake. Kikasema upasuaji si tena kipimo cha lazima cha kuthibitisha. Anza na maelezo ya mgonjwa, mpime kwa mikono, piga picha: utrasaundi au MRI. Upasuaji wa kutafuta ugonjwa ubaki kwa yule ambaye picha hazioneshi kitu, au dawa zimejaribiwa zikashindwa, au dawa hazimfai. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko mashine yoyote mpya, na huku kwetu halijasikika vya kutosha.

Twende kwenye utafiti.

Kilichopiga kelele kuliko vyote ni kipimo cha mate cha Wafaransa, Endotest, cha kampuni inayoitwa Ziwig. Ndani ya mate kuna vipande vifupi sana vya RNA, vinaitwa mikroRNA, ambavyo kazi yake ni kupunguza au kuzuia jeni zisifanye kazi kupita kiasi. (Ndivyo vilivyowapa Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.) Wafaransa walikusanya mate ya wanawake 200 wenye maumivu sugu ya nyonga, wakasoma mikroRNA zote, wakaiachia kompyuta itafute mpangilio unaowatenga wagonjwa na wasio wagonjwa. Ikachagua mikroRNA 109. Mwaka 2023 wakatoa majibu ya kundi jingine la wanawake 200: kipimo kiliwakamata asilimia 96 ya wagonjwa, na kikawaachia kwa haki asilimia 95 ya wasio wagonjwa. Mamlaka za afya za Ufaransa hazikukikumbatia kichwakichwa. Mwaka 2025 waliruhusu kilipiwe na serikali kwa muda, huku data zikiendelea kukusanywa, na kitumike mwishoni, baada ya daktari kumpima mgonjwa na picha kupigwa bila jibu kueleweka.

Upande wa damu, Waaustralia wanatengeneza kipimo kinachoangalia protini 10, kwa sampuli zilizokusanywa Melbourne. Utafiti ulitoka mwisho wa 2024 na matokeo yake yanatia moyo, hasa kwa ugonjwa uliokomaa. Ila kwenye damu tujipe subira. Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti 141 zilizogusa viashiria zaidi ya 100 vya kwenye damu, wakahitimisha kwamba hakuna hata kimoja kilichofaa kuchukua nafasi ya upasuaji nje ya utafiti. Kwa hiyo mtu akikuuzia CA-125, mojawapo ya viashiria hivyo vya damu, akisema ndicho kipimo cha endo (endometriosisi), mkwepe. CA-125 inapanda kwa fibroidi, kwa ujauzito, kwa PID, kwa TB ya tumbo, hata kwa hedhi yenyewe. ESHRE wamesema wazi isitumike kugundua ugonjwa huu.

Wengine wanachunguza damu ya hedhi. Kule New York kuna mradi uitwao ROSE ambao umekuwa ukiikusanya kutoka kwa wanawake majumbani mwao tangu miaka ya 2010, wakiona kwamba seli za kinga na seli za utando wa kizazi kwa wagonjwa zina tabia tofauti. Zurich wametengeneza pedi yenye kijikaratasi kinachobadilika rangi, unakipiga picha kwa simu. Na Oxford wanajaribu kuchoma mshipani dawa yenye mionzi kidogo, inayojishikiza pale mishipa mipya ya damu inapoota, kisha wanapiga picha kuona vidonda vidogo ambavyo utrasaundi haivioni.

Sasa hoja yangu, na ndiyo sababu ya uzi. Vyote hivyo ni vizuri na nitaendelea kuvifuatilia. Lakini kitakachomsaidia binti wa Mbozi mwaka huu ni daktari anayemsikiliza na mtu wa utrasaundi anayejua atafute nini. Hivyo viwili havihitaji ndege kutoka Paris.

Karibuni. Mods, msiuunganishe na ule uzi wa uvimbe, ni mambo mawili tofauti.

---

Kijana_wa_Mafiati

Kiti cha mbele. Ngoja waje wenye ujuzi.

---

BintiKihesa

Dada, asante kwa uzi, ila nina neno. Umeandika kuhusu upasuaji kana kwamba ni adui. Mimi ulinikomboa.

Nimekuwa mgonjwa wa PID tangu kidato cha tatu, kabla hata sijamjua mwanaume. Fikiria namna nilivyokuwa naangaliwa kila nikikabidhiwa zile dawa. Mama yangu alikuwa ananiuliza swali moja usiku, halafu analirudia asubuhi. Hospitali niliyokuwa naenda sitaitaja. Utrasaundi nilipigwa hadi nikazoea ile jeli ya baridi, kila karatasi inasema hakuna tatizo. Baba akauza miti yake Mafinga kabla haijakomaa, nikaenda Dar, nikapasuliwa kwa matundu. Walikuta kizazi kimegandana na utumbo kwa nyuma.

Nilipozinduka daktari akanieleza, nikalia kwa furaha. Muuguzi alidhani naumwa. Kumbe nilikuwa naumwa kweli miaka yote hiyo, sikuwa naigiza. Kwa hiyo msiuondoe upasuaji kabla hamjatupa kitu cha uhakika.

---

MwanaMaabara_Uyole

Pole sana mdogo wangu, na asante kwa kusema. Upasuaji hauondoki. Kuugundua ugonjwa na kuutibu ni hatua mbili. Wewe ulihitaji kisu kwa matibabu na hakuna mate ambayo yangeachanisha utumbo na kizazi. Ninachotaka mimi ni kwamba usingesubiri miti ya baba iuzwe ndipo mtu aseme neno endometriosisi mbele yako.

Na hilo la PID kwa msichana ambaye hajaanza kujamiiana lingepaswa kumshtua yeyote anayeshika kalamu ya kuandika dawa.

---

MpigaUtra_Makambako

Naomba niingie hapa maana nimetajwa bila jina.

Mimi ni mtu wa picha, utrasaundi ndiyo ugali wangu. BintiKihesa, hizo karatasi zilizosema hakuna tatizo huenda hazikudanganya. Zilijibu swali lililoulizwa. Fomu ikija imeandikwa "maumivu ya tumbo", na nje kuna foleni ya wajawazito hadi getini, mpimaji anaweka kifaa juu ya tumbo, anaona kizazi kina ukubwa wa kawaida, hakuna fibroidi, hakuna mimba nje ya kizazi, anaandika salama. Kwa juu ya tumbo vidonda vya nyuma ya kizazi hutaviona.

Ukitaka kuutafuta ugonjwa huu, unapima kwa ndani, kupitia ukeni, na unapima kwa mpangilio. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa kimataifa waliandika namna ya kufanya, hatua nne. Kwanza kizazi na vifuko vya mayai. Uvimbe wa endo kwenye kifuko cha yai unajulikana: ndani kuna damu iliyozeeka, kwenye skrini inatoka kijivu cha kufanana mwanzo hadi mwisho. Pili unabonyeza taratibu uone ni wapi hasa panauma, na kama kifuko cha yai kinasogea au kimenasa. Hatua ya tatu ndiyo naipenda. Unasukuma kizazi polepole kwa kifaa, mkono wako mwingine uko juu ya tumbo, unaangalia kama ukuta wa nyuma wa kizazi unateleza juu ya utumbo. Mtu mzima wa afya, vinateleza kama viganja viwili vyenye mafuta. Aliyegandana, vinakwenda pamoja, haviachani. Nne unatafuta vinundu kwenye utumbo, kibofu na kano za nyuma ya kizazi.

Ile hatua ya tatu inachukua muda mfupi mno. Haihitaji mashine ya kisasa. Inahitaji mtu aliyefundishwa, na fomu iliyoandikwa vizuri na daktari. Daktari akiandika "maumivu ya hedhi tangu ujana, anaumia akienda haja kubwa siku za hedhi, natilia shaka endo", mimi nitakaa na huyo mgonjwa.

Mipaka yake pia niiseme. Vile vidonda vidogo vilivyotapakaa juu juu kwenye utando wa tumbo, utrasaundi haivioni, hata kifaa akishike bingwa. MRI nayo mara nyingi inavipita. Kwa hiyo picha safi haimtoi mtu kwenye ugonjwa.

---

DerevaTunduma

Mpiga picha nakuelewa lakini nimechanganyikiwa. Kama picha ikiwa safi bado inawezekana anaumwa, basi faida ya kupiga ni nini?

Mke wangu tuna miaka kadhaa kwenye ndoa, mtoto hakuna. Siku zake zikifika nikiwa safarini Zambia napigiwa simu na jirani kwamba kazimia. Mama yangu anasema amerogwa, dada zangu wana maneno yao. Utrasaundi imesema yuko sawa.

---

Dkt_Livingstone_Mts

Shemeji wa Tunduma, pole. Nijibu kama daktari wa kina mama, japo humu siwezi kumtibu mtu nisiyemwona.

Faida ya picha ni kwamba ikiona kitu, umemaliza ubishi, na unajua kama anahitaji bingwa wa upasuaji au la. Isipoona kitu, unarudi kwenye maelezo yake. Mwongozo wa Uingereza wa NICE unasema hivyohivyo: usimtoe mgonjwa kwenye orodha kwa sababu uchunguzi wa mikono, utrasaundi au MRI vimetoka safi.

Na hapa ndipo wengi hawajui: siku hizi tunaruhusiwa kuanza matibabu bila kuthibitisha kwa kisu. Mwenye dalili zinazoeleweka, na hatafuti mimba kwa sasa, anaanzishiwa dawa za maumivu na homoni. Vidonge vya majira, au homoni ya projestini peke yake, au kitanzi chenye homoni. Akipata nafuu, ameokoa miaka, japo nafuu peke yake si uthibitisho wa ugonjwa. Kwa mkeo ni tofauti kwa sababu mnatafuta mtoto, na dawa hizo zinazuia mimba. Yeye anahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake mapema. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ipo, kitengo chake cha wazazi kiko Meta. Na wewe pia upimwe mbegu, shemeji. Usimwachie mwanamke peke yake foleni yote.

Niongeze dalili ambazo watu hawaziunganishi. Kovu la upasuaji wa uzazi linalovimba na kuuma kila mwezi. Mkojo unaouma siku za hedhi tu. Maumivu wakati wa tendo, yale ya ndani kabisa. Na mara chache mno, mwanamke anayekohoa damu kila akiingia mwezini, makohozi hayana TB hata ukirudia. Ugonjwa unaweza kufika kifuani.

Jingine la historia, kwa wanaodhani huu ni ugonjwa wa wazungu. Vitabu vya zamani vya udaktari viliandika kwamba mwanamke mweusi haupati. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, akachapisha matokeo ya wagonjwa wake weusi aliowaangalia kwa kamera: zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa nao, na wengi walikuwa wameambiwa wana PID. Leo mtu akisoma simulizi ya BintiKihesa, anaona Chicago ile ile.

---

TibaAsilia_Vwawa

Hilo ni chango tu ndugu zangu. Nina mizizi ya kusafisha kizazi, dozi siku 7, ukimaliza unashika mimba. Njoo PM.

---

BintiKihesa

Nilikunywa hiyo mizizi. Nilichosafisha ni mfuko wa mama.

---

DerevaTunduma

😂 Ndaga dada.

---

MwalimuWaBweni

Habari za jioni wapendwa. Nafundisha shule ya wasichana huko Njombe, bweni. Mwezi wa sita na wa saba baridi inauma mifupa, na ndipo naona wasichana wakilala na chupa za maji ya moto tumboni. Matroni ana panadol, hana kingine. Nina watoto ambao kila mwezi wanakosa vipindi, na walimu wengine wanasema wanatega hesabu.

Niliposoma habari za mate nilifurahi. Mate hayaumi, binti hahitaji kuvua nguo. Hivi serikali haiwezi kuleta kipimo hicho mashuleni, tukawapima wote kidato cha pili?

---

MwanaMaabara_Uyole

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ni zuri na jibu lake ni hapana, si kwa sasa. Niruhusu nipige hesabu.

Wale wanawake 200 wa utafiti wa kwanza hawakuwa watu wa kuokota barabarani. Walikuwa tayari na maumivu sugu, madaktari walishawatilia shaka, na robo tatu yao walikutwa na ugonjwa kweli. Halafu walikuwa wa miaka 18 hadi 43. Wanao wa kidato cha pili hawamo.

Sasa chukua wanawake 1,000 wa kawaida, na tuseme 100 kati yao wana endo. Kipimo kitawakamata kama 96. Safi. Lakini kwa wale 900 wasio nayo, kitakosea kwa asilimia karibu 5, yaani watu 44. Ukijumlisha, majibu ya "unao" ni 140, na 44 kati ya hayo ni ya uongo. Karibu theluthi moja! Watoto 44 wanaambiwa wana ugonjwa wa kudumu unaogusa uzazi, na hawana. Kipimo kilekile, namba zilezile, ila umekihamishia kwa watu tofauti. Ndiyo maana Wafaransa wenyewe wamekiweka mwisho wa foleni.

Kuna jambo jingine linalonikera kama mtu wa maabara. Kipimo kimefundishwa kwa watu gani? Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa sana wa jeni za endo, wagonjwa zaidi ya 60,000 na wasio wagonjwa zaidi ya 700,000, ukapata maeneo 42 kwenye jeni yanayohusika. Asili yao? Ulaya na Asia Mashariki. Sisi hatumo. Siwezi kusema mikroRNA za Mnyakyusa zinatofautiana na za Mfaransa, huenda ni zilezile. Lakini huwezi kuniuzia kipimo kwa "huenda".

Na sioni kwa nini tusihesabiwe. Mbeya ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambacho kimeshiriki tafiti kubwa za VVU na TB kwa miaka mingi. Watu wetu wameshatoa makohozi, damu, mkojo, kila kitu, na kuna vituo vya afya vyenye mashine za GeneXpert za kupimia TB ambazo zamani ungesema ni ndoto. Kukusanya mate ni kazi rahisi kuliko makohozi. Utafiti ukija, tudai uje na huku.

Kwa wanao sasa hivi: daftari. Kila msichana mwenye shida aandike tarehe hedhi inapoanza, siku zinazouma, alikosa vipindi au la, alitapika au la, haja kubwa iliuma au la, alimeza dawa gani na ilisaidia kiasi gani. Miezi mitatu ya daftari hilo mezani kwa daktari ina uzito kuliko vipimo vyangu vyote vya mkojo.

---

MpigaUtra_Makambako

Niunge mkono, na nimwambie mwalimu hivi: msichana ambaye hajaanza kujamiiana hapimwi kwa kupitia ukeni. Wazazi wengi wanaliogopa hilo na kumbe hatufanyi. Anapigwa kwa juu ya tumbo mkojo ukiwa umembana vizuri, na kama shaka ni kubwa, MRI.

---

Bibi_Mdogo_Rungwe

Mimi nimekwama pale kwenye damu ya hedhi. Eti uikinge, uifungashe, umtumie mtu usiyemjua New York! Kwetu bibi angekufukuza na ufagio. Kitambaa chenyewe tulikuwa tunafua usiku.

---

Dkt_Livingstone_Mts

Hahaha, mama, hilo ni la kweli kabisa, na watafiti wakija huku watalikuta mlangoni. Lakini fikiria: ni tishu ya ndani ya kizazi inayotoka yenyewe kila mwezi, bure, bila kisu. Sisi tunakata watu kupata kinyama, na kingine tunakitupa chooni. Mimi kati ya tafiti zote alizozitaja mwenye uzi, hii ndiyo ningeiwekea fedha zangu, japo itachelewa.

---

MwanaMaabara_Uyole

Dokta hapo hatukubaliani. Mate yana faida moja, sampuli unaipata siku yoyote, popote, kwa yeyote, hata aliyefungiwa hedhi kwa sindano. Na anayetoa haoni aibu. Ila bei ya kusoma hizo mikroRNA ni kikwazo, Ufaransa kwenyewe ni mamia ya euro kwa mtu mmoja.

---

Kijana_wa_Mafiati

Swali la mjinga. Nikiwa na hela, siwezi kutuma mate ya dada yangu kwa DHL?

---

MwanaMaabara_Uyole

Mkuu, kusafirisha si tatizo, kuna vichupa vyenye kemikali ya kutunza sampuli. Tatizo ni jibu likirudi. Likisema "anao", daktari wako bado atahitaji picha ili ajue uko wapi na umefika wapi, kwa sababu mate hayaoneshi ramani. Likisema "hana" na bado anazimia kila mwezi, utamwacha? Hela hiyo mpeleke kwa mtu kama MpigaUtra, na kwa daktari bingwa, chenji mnunulie dawa.

---

Mama_Pacha_Iringa

Nimesoma kimya kimya. Mnakumbuka Happiness Magese, Miss Tanzania wa 2001? Alivyojitokeza kusema anaumwa ugonjwa huu na amepasuliwa mara nyingi, mtaani kwetu walisema anatafuta kiki. Mimi ndiyo mara ya kwanza kusikia jina la ugonjwa. Nilikuwa nimeshaambiwa ni vidonda vya tumbo, nilikunywa dawa za asidi hadi basi. Baadaye alipata mtoto, nikashangilia kama wa kwangu.

---

DerevaTunduma

Nashukuru wote. Nimempigia mke wangu nikamsomea uzi mzima nikiwa nimepaki Mpemba. Kanyamaza, halafu kaniuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu haja kubwa. Anaumia sana siku hizo, alikuwa anaona aibu kusema.

Tumeshika miadi Mbeya wiki ijayo. MpigaUtra, anatakiwa aje na nini? Afunge kula?

---

MpigaUtra_Makambako

Ale kama kawaida, shemeji. Aende haja ndogo kabla ya kipimo cha ndani, kibofu kikijaa kinatusukumia kizazi vibaya. Siku yoyote ya mwezi inafaa, akiwa hedhini aseme tu, hatushangai. Aje na karatasi zote za zamani, hata zilizosema yuko salama. Na hilo la haja kubwa alimwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote, liandikwe kwenye fomu, ili anayempima aanzie nyuma ya kizazi.

Wewe ingia naye ndani kama wataruhusu.